Kuendesha Ford Raptor kwenye theluji: matairi, fowili, breki na namna ya kujinasua

Asubuhi ya Januari mjini Minneapolis au Edmonton, theluji ya sentimita 20 ikiwa imelala barabarani, pikapu ya Ford F-150 Raptor inaondoka kama vile hakuna kilichonyesha. Injini ya V6 yenye turbo mbili ina nguvu za farasi 450, tumbo la gari liko juu, matairi yana upana wa milimita 315, na magurudumu yote manne yanasukuma. Wenye magari madogo bado wanachimba theluji, wewe umeshafika kwenye taa za barabarani. Hapo kwenye taa ndipo mambo yanapobadilika, kwa sababu kati ya sifa zote hizo hakuna hata moja inayolisaidia gari kusimama.

Fowili, yaani kusukumwa na magurudumu yote manne, ni ya kuondokea. Breki za magurudumu manne kila gari linazo, hata lile dogo kuliko yote, na dogo halibebi tani 2.6. Kwa hiyo mwongozo huu unaegemea zaidi kwenye kusimama na kukata kona, maana kuondoka Raptor inajua yenyewe.

Hesabu zake ni hizi. Kwenye lami kavu, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linahitaji kama mita 14 kusimama tangu breki ziliposhika. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari, kama mita 50. Kwenye barafu, karibu mita 100. Ukienda 80, umbali huo unakuwa mita 36, 126 na 250 hivi. Bado hujaongeza ile sekunde moja na ushee ya kuona hatari na kuhamisha mguu, ambayo kwa mwendo wa 80 inakula mita 22 na zaidi.

Pima barabara kabla haijakupima

Gari la kusukumwa na magurudumu mawili humpa dereva onyo: tairi linazunguka bure wakati wa kuondoka, naye anaelewa kwamba leo kunateleza. Raptor haitoi onyo hilo, au inalitoa kwa kuchelewa sana. Ukikaa juu kwenye kiti kile, kelele za nje zimezibwa, shokapu za Fox zinameza mabonde yote, mwendo wa 70 unauhisi kama 45. Ndiyo maana inabidi upime kwa makusudi.

Tafuta kipande kilichonyooka, tambarare, kisicho na gari nyuma wala mbele. Nenda kilomita 20 kwa saa. Kanyaga breki kwa nguvu na usiachie, hata pedeli ikianza kutetemeka na kukoroma; hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake, na ukiipigapiga breki unaivuruga. Kisha linganisha umbali ulioteleza na urefu wa gari. Raptor ya milango minne ina urefu wa karibu mita 5.9. Ukisimama ndani ya nusu ya urefu huo, lami inashika. Ukipita urefu mmoja na kidogo, uko kwenye theluji iliyoshindiliwa. Ikifika mara mbili na nusu, hiyo ni barafu, na mwendo wako wa siku hiyo uwe wa barafu hata kama macho yanaona lami nyeusi.

Rudia kipimo kila hali inapobadilika: ukitoka mjini kuingia barabara za mashambani, ukiingia sehemu yenye kivuli cha misitu, jua likizama. Tazama pia kipimajoto cha dashibodi. Barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri huwa na utando wa maji juu yake na huteleza kuliko barafu ya nyuzi -20. Kwa upande mwingine, chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani hupoteza makali joto likishuka chini ya nyuzi -9 hivi, kwa hiyo siku ya baridi kali usitegemee kwamba malori ya chumvi yakishapita kazi imekwisha. Madaraja huganda kabla ya barabara yenyewe kwa kuwa yanapigwa na baridi juu na chini.

Matairi

Hapa ndipo pesa yako iende, kabla ya taa za ziada, kabla ya winchi, kabla ya kitu kingine chochote.

Raptor nyingi zilitoka kiwandani na BFGoodrich All-Terrain T/A KO2 za kipimo cha 315/70R17. Ubavuni mwake angalia alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Alama hiyo ina maana kwamba tairi limefaulu kipimo cha kuvuta kwenye theluji iliyoshindiliwa. Lakini soma vizuri: kipimo ni cha kuvuta, yaani kuondoka. Hakipimi breki wala kona, wala hakifanywi kwenye barafu. Tairi la namna hii linafaa kwa theluji ya kawaida, ila kwenye barafu ya makutano yaliyosuguliwa na magari siku nzima, tairi halisi la baridi linaliacha mbali. Mpira wa kawaida unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Mpira wa tairi la baridi unabaki laini, na uso wake umejaa michano myembamba inayouma barafu.

Kama unaishi kwenye miezi minne au mitano ya baridi, nunua seti ya pili ya magurudumu, rimu na tairi pamoja. Yawe manne, kamwe usifunge mawili. Tairi la baridi nyuma na la kawaida mbele hufanya gari ligome kukata kona. Ukigeuza mpangilio, mkia unakimbia. Tafuta kwanza kipimo kile kile cha 315/70R17. Wapo wanaoshuka hadi 285/70R17 kwa makusudi, na wana sababu nzuri: tairi jembamba linakata theluji hadi kufika chini, wakati lile pana linapanda juu yake. Gharama yake ni sentimita 2 hivi za kimo cha gari, na kipimamwendo kitakachoonyesha zaidi ya mwendo halisi kwa takriban asilimia 5. Hakikisha uwezo wa kubeba uzito ulioandikwa kwenye tairi unatosha gari hili.

Wengine watakuonyesha picha za magari ya Iceland yenye matairi mapana ya inchi 44 yakielea juu ya theluji. Ni kweli, lakini yale yanatembea juu ya barafu ya milimani pasipo barabara, upepo wa tairi ukiwa umeshushwa hadi psi (kipimo cha upepo) chache tu. Barabara iliyopigwa greda ni jambo jingine: chini kuna lami, na unataka kuifikia.

Upepo wa tairi hushuka kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua. Ukijaza ndani ya gereji yenye nyuzi 15 kisha ukatoka nje kwenye -20, utakuta upungufu wa psi 6 hivi. Pima nje, tairi likiwa limepoa usiku kucha, na ujaze kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Dhana ya kwamba upepo mdogo unashika vizuri barabarani iache. Inafaa ukishakwama, nitaieleza mbele.

Kuhusu sheria: Quebec inataka matairi ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Colorado, kwenye barabara kuu ya I-70 kati ya Dotsero na Morrison, sheria ya mshiko huanza 1 Septemba hadi 31 Mei, na kashata (meno) za tairi ziwe na kina cha karibu milimita 5. Milimani California unaweza kuamriwa kufunga minyororo, na katika ngazi ya juu kabisa ya amri hiyo hata fowili haisamehewi. Kabla ya kununua minyororo fungua kitabu cha gari uone kama kipimo cha tairi lako kinaruhusiwa. Shokapu za Raptor zina mwendo mrefu sana, sentimita 33 na zaidi, na gari likibonyea mnyororo mnene unaweza kukata mpira wa breki au waya wa sensa.

2H, 4A, 4H, 4L

Hizi ni nafasi za swichi ya fowili, na Raptor za kuanzia 2017 zina zote nne. Zile za 2010 hadi 2014 hazina 4A, na mwenye mojawapo ya hizo itabidi abadilishe kwa mkono kila barabara inapobadilika.

2H, yaani magurudumu mawili ya nyuma tu, iache kabisa kukiwa na utelezi. Pikapu tupu ina uzito mwingi mbele na mdogo nyuma, na nguvu zote hizo ukizipeleka kwenye akseli nyepesi mkia unageuka ukiwa bado unafikiria.

4A ndiyo nafasi ya siku nyingi za mjini: lami hapa, theluji pale, barafu kwenye makutano. Klachi iliyo ndani ya gia ya kugawanya nguvu inapeleka nguvu mbele pale inapohitajika, na inaruhusu akseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona.

4H inafunga akseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Itumie theluji ikiwa imefunika barabara yote bila kukatika. Ukiisahau kwenye lami kavu, utahisi gari linajivuta na kurukaruka ukikata kona kali ya maegesho, vyuma vinapigana. Rudisha 4A mara moja.

4L ni ya kujinasua na kuteremka polepole mteremko mkali. Punguza mwendo hadi chini ya kilomita 5 kwa saa, weka N, ndipo uibadilishe.

Loki ya difu ya nyuma wengi wanaipenda kupita kiasi. Inasaidia ukiwa umekwama, magurudumu yamenyooka, mwendo wa kutambaa. Barabarani ina ubaya wake: magurudumu mawili ya nyuma yaliyofungwa pamoja yanapoteza mshiko kwa wakati mmoja, na kama barabara imeinama upande, mkia wote unateremka kuelekea mtaroni. Ifungue mara tu unapotoka.

Kwa hali ya uendeshaji, chagua Slippery kwenye Raptor za 2021 na kuendelea, au Weather kwenye za 2017 hadi 2020. Pedeli ya mafuta inakuwa nzito kuitikia na gia zinapanda mapema. Baja usiiguse barabarani. Imetengenezwa kwa mchanga wa jangwani, inalegeza ulinzi wa kielektroniki wa kuteleza na kuishika injini kwenye mizunguko ya juu, vitu viwili usivyovitaka kabisa hapa.

Uzito nyuma

Mifuko minne ya mchanga ya kilo 27 inatosha, jumla kilo 108. Ilaze juu ya akseli ya nyuma au mbele yake kidogo, uifunge isitembee. Ukiisukuma hadi kwenye mlango wa nyuma, inageuka pendulumu: mkia ukianza kukimbia, uzito huo unauvuta zaidi. Hesabu pia abiria na mizigo dhidi ya uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango, maana Raptor, kwa ukubwa wake, inabeba kidogo kuliko F-150 za kawaida. Theluji iliyojaa nyuma si mzigo wa kutegemea. Inapeperuka kwenye barabara kuu na kumpofusha aliye nyuma yako, au inaganda vipande vinavyoruka.

Usukani, mafuta na breki

Kanyaga mafuta kidogo, halafu subiri. Turbo huchelewa kisha nguvu zinakuja zote kwa pamoja. Ukiona gari linasita ukaongeza mguu, sekunde inayofuata magurudumu manne yanazunguka. Baki chini ya mizunguko 2,000 ya injini kwa dakika hadi gari lichukue mwendo. Raptor R yenye V8 na kompresa haina kuchelewa huko, inaitikia papo hapo, kwa hiyo mguu uwe mwepesi zaidi.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi: mifereji ya theluji. Magari yanayopita huacha njia mbili za matairi. Umbali kati ya magurudumu ya kushoto na kulia ya Raptor ni mkubwa kuliko wa magari mengi, kwa hiyo gurudumu moja linakaa kwenye njia iliyosafika na jingine linapanda tuta la theluji. Usukani unavutwa upande, unaachia, unavutwa tena. Usipambane nao kwa mikono iliyokaza. Punguza mwendo, na uvuke tuta kwa pembe ndogo ukiwa umeachia mafuta kiasi. Na kwa kuwa gari lina upana wa karibu mita 2.2 bila vioo, na kingo za barabara zimerundikwa theluji, kwenye mitaa ya makazi mara nyingi utalazimika kumngoja anayekuja apite kwanza.

Kona: maliza breki ukiwa bado umenyooka, kisha geuza usukani taratibu. Springi hizi ndefu zinafanya mwili wa gari ulale upande kwa kuchelewa. Ukigeuza ghafla, uzito unafika baadaye kidogo na kuling'oa tairi ulilodhani limeshika. Mbele ikigoma kugeuka, punguza usukani kidogo na uachie mafuta hadi mshiko urudi. Kuongeza usukani hakusaidii. Mkia ukikimbia, achia mafuta bila kushtuka, tazama unakotaka kwenda, peleka usukani upande huo, na uurudishe mapema gari linapoanza kunyooka, la sivyo litakutupa upande wa pili kwa nguvu zaidi.

Waliojifunza kuendesha kwenye tope la masika wana tabia moja ya kuiacha. Kwenye tope, kuzungusha tairi kwa kasi kunatupa udongo na kusafisha kashata. Kwenye theluji, tairi linalozunguka bure linaiyeyusha, maji yanaganda, na chini yako unakuwa umetengeneza barafu mwenyewe.

Kwenye mteremko shusha gia kabla hujaanza kuteremka, katika 4H, ili injini ishike magurudumu yote manne. Mfumo wa kushikilia mwendo wenyewe (cruise control) uzime: rada iliyo mbele inazibwa na theluji, na mfumo unaweza kuongeza mafuta pale usipotaka.

Usukani ukianza kutetemeka ukifika kilomita 90 baada ya kupita kwenye theluji nene, usikimbilie kwa fundi. Simama mahali salama, ingiza mkono nyuma ya rimu. Utakuta theluji imeshindiliwa na kuganda upande wa ndani, mara nyingi upande mmoja tu wa duara. Ikwangue yote, tairi linarudi sawa.

Ukikwama

Acha mafuta mara moja. Shuka, na kabla ya chochote safisha mdomo wa ekzosti. Ukizibwa, hewa ya kaboni monoksaidi inaingia ndani ya gari, haina harufu na inaua. Kisha tazama gari limekaa juu ya nini. Raptor ikikwama, mara nyingi ni kwa sababu bamba la chini au difu limelala juu ya theluji na matairi yamebaki yakining'inia.

Chimba chini ya tumbo, halafu mbele na nyuma ya kila tairi, kiasi cha mita moja. Shusha upepo hadi psi 20. Weka 4L, funga loki ya difu, nyoosha magurudumu, na uzime udhibiti wa mshiko, kwa kuwa ukiuacha utakata nguvu kila tairi likizunguka. Jaribu kwanza kurudi nyuma kwa njia uliyoingilia. Mbele kidogo, nyuma kidogo, kila mara unapata sentimita chache. Mchanga wa mifuko ile ya nyuma mwaga mbele ya matairi. Ukitoka, usizidi kilomita 30 kwa saa hadi ujaze upepo tena, kwa hiyo pampu ndogo ya umeme iwe garini pamoja na beleshi.

Ukivutwa, funga mkanda kwenye kulabu za gari. Kamwe usifunge kwenye mpira wa chuma (tufe) wa kuvutia tela: ukikatika unaruka kama risasi na umeshaua watu. Wote wasimame mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa mkanda.

Taa, betri na chumvi

Taa za LED hazitoi joto la kutosha mbele kuyeyusha theluji. Kwenye safari ya usiku zinafunikwa polepole na dereva anadhani giza limeongezeka, simama uzifute. Futa pia zile taa tatu ndogo za rangi ya kahawia kwenye grili. Sheria ya Marekani inazidai kwa magari yanayozidi inchi 80 kwa upana, na kazi yake ni kumwambia anayekuja kwamba wewe ni mpana.

Betri kwenye nyuzi -18 inabaki na chini ya nusu ya nguvu zake, kwa hiyo iliyozeeka ipimwe Oktoba. Maji ya rejeta yaliyochanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda yanastahimili hadi nyuzi -37 hivi. Kama injini ina kipasha joto, ichomeke kwenye umeme saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Tangi lisishuke chini ya nusu.

Bodi ya Raptor za kuanzia 2017 ni alumini na haishiki kutu, lakini chasisi ni chuma, sawa na boliti na mabomba ya chini. Osha chini ya gari kila baada ya wiki mbili, siku ambayo joto limepanda juu ya sifuri, ukilenga ndani ya chasisi, mikono ya mbele na mashina ya shokapu, maana chumvi ikikauka pale inakwaruza sili na mafuta yanaanza kuvuja. Futa maji kwenye mipira ya milango na uipake silikoni isigande. Kisha endesha kilomita mbili au tatu ukigusa breki mara kwa mara zikauke kabla ya kuliegesha gari usiku.